Kware Niliyemficha Ruiru

Wiki hii mmenijia mara tatu. Wa kwanza alitoka Githurai 45, akanionyesha picha za vizimba kwenye simu yake. Wa pili ni jirani yangu hapa Murera, ambaye tayari amenunua waya na mbao. Wa tatu walikuwa mtu na mkewe kutoka Mwihoko. Walikaa kwenye benchi langu, wakakataa chai, na mama akauliza bila kuzunguka: "Guka, wewe umefanya kazi ya kuku maisha yako yote. Hii kware tufuge kwa nyumba ama tuachane nayo?"

Mimi si guka, yaani babu, wa mtu yeyote hapa. Ni Mluhya wa Isukha niliyezeekea ugenini, lakini jina hilo nimelizoea na nikiitwa naitika. Nilimuuliza yule mama kama kuna mmoja wao anayefanya kazi katika banda la kuku la mtu mwingine. Akasema bwana yake ni mlinzi wa shamba la kuku upande wa Juja. Nikawaambia basi warudi nyumbani wasijenge kitu. Waliondoka wamenuna, wakidhani mzee anawaonea wivu. Nimekaa nikaona afadhali niandike sababu yangu, maana ni ndefu, na nikijaribu kuisema kwa mdomo naishia njiani.

Nilishuka stesheni ya Ruiru katika miaka ya hamsini, nikiwa na blanketi moja na miaka ishirini na kitu. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na waasi wa Kikuyu. Wazungu wengi walikuwa wamewaondoa Wakikuyu mashambani mwao, wakawa wanatafuta watu wa mbali, na sisi wa magharibi tukaletwa kujaza nafasi za watu ambao hatukuwahi kuwaona. Chumba nilichopewa kule laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, kilikuwa na jina la mtu limeandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango. Sikuwahi kujua alipelekwa wapi. Sikulifuta lile jina, na kila nilipofunga mlango nililisoma.

Shamba lilikuwa la kahawa, kati ya Ruiru na Thika, lakini kuku walikuwa wa memsabu, mke wa mwenye shamba. Mnyapara wake wa kuku alikuwa Mzee Mutua, Mkamba wa Matungulu, mashariki ya Thika. Namwita mzee, ingawa nikikumbuka uso wake sasa naona hakuwa amefika hamsini. Alikuwa mwembamba, mwenye koti la kaki ambalo mfuko mmoja ulikuwa wa penseli na mwingine wa yai. Na kuku aliongea Kikamba, na sisi aliongea Kiswahili, na ukweli ni kwamba kuku ndio waliopata maneno matamu.

Nyinyi mna mashine ya kuangulia inayopiga kelele yenyewe joto likizidi. Yetu ilikuwa sanduku la mbao lenye taa ya mafuta ya taa ubavuni. Kila yai liliwekwa alama mbili kwa penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, na mara tatu kwa siku tuliyageuza kwa mkono ili alama zote zilale upande mmoja. Kipimajoto kilikuwepo, lakini Mutua hakukiamini. Alichukua yai akaliweka kwenye jicho alilolifumba. Ngozi ya jicho, alisema, haidanganywi kama mkono, kwa sababu mkono umeshika jembe na sufuria na umesahau joto ni nini. Mpaka leo nikipewa yai naanza kulipeleka usoni, na watu dukani wananitazama.

Alinifundisha pia kutandika banda kwa maganda ya kahawa. Unachukua konzi moja, unaifinya, unafungua mkono. Yakibaki donge, banda lina unyevu na kuku watakohoa. Yakipeperuka kama vumbi, yamekauka mno. Yakivunjika taratibu, umepatia. Hiyo kanuni haijaharibika, na wale wa Murera mnaomwaga maji ovyo bandani mngeijaribu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la baridi ya Julai. Mutua aliniachia mashine, mimi nikaona vidole vyangu vinakufa ganzi, nikayahurumia na mayai. Nikainua utambi. Nilikuwa napima baridi yangu mwenyewe, si joto la mayai. Siku ya kuangua ilipofika hakuna kilichogonga ganda. Mutua alinikalisha chini na ndoo, akaniambia nivunje mayai yote, moja moja, nimweleze kila kifaranga kilifika wapi. Wengine walikuwa na manyoya tayari.

"Angalia vizuri," akasema. "Hawa umewapika wewe."

Memsabu alipokuja, nilijua kazi yangu imekwisha. Mutua akavua kofia na kumwambia kwamba yeye ndiye aliyemwachia taa mtu ambaye hakuwa amejua taa, kwa hivyo kosa ni lake. Alimwambia hivyo kwa sauti ya kawaida tu, huku mimi nikiwa nimesimama hapo na ndoo yangu. Ndivyo alivyokuwa. Akisema neno kwa niaba ya mtu wake, alilibeba.

Sasa nifike kwenye sheria. Mlangoni mwa banda kulikuwa na beseni la dawa ambalo kila mtu alikanyaga kabla ya kuingia. Kila Jumatatu asubuhi Mutua alisimama kando ya beseni na kutuuliza mmoja mmoja, sisi watu wake wanne, swali lile lile: "Nyumbani kwako kuna ndege?" Unajibu hakuna, unakanyaga dawa, unapita. Si kuku tu. Njiwa, bata, hata kifaranga cha mwewe kilichoanguka mtini, chochote chenye manyoya kilikatazwa. Aliyefanya kazi ya kuku hakufuga ndege kwake.

Sababu ilikuwa kideri, ule ugonjwa unaompinda kuku shingo na kummaliza. Mutua alitueleza kwamba kideri hutembea kwenye viatu, kwenye mikono ya shati, kwenye unyoya mmoja uliokwama kofiani, na kwamba ndege wa porini anaweza kuubeba huku yeye mwenyewe anaimba. Katika shamba lingine aliwahi kufukia banda zima shimoni. Baada ya kupokea majibu yetu, alikwenda kwa memsabu akamwambia: watu wangu hawana ndege. Hiyo ndiyo iliyokuwa ahadi yake ya kila wiki.

Nami nilikuwa mpweke. Nasema hivyo bila kuficha kwa sababu nyinyi siku hizi mnasema kila kitu, na sisi tulijifunza kunyamaza. Mke wangu Rasoa alibaki Isukha, maana vyumba vya laini vilikuwa vya mtu mmoja mmoja. Barua ilichukua majuma, na aliyemwandikia Rasoa alikuwa karani wa kule ambaye alifupisha ili awahi chakula. Laini nzima watu waliogopana. Hukumuuliza mtu alikotoka wala anakwenda kwa nani, kwa sababu aliyeuliza sana alidhaniwa anapeleka habari mahali. Bila karatasi ya ruhusa hukufika mbali. Jumapili nilifua nguo zangu, nikazianika, nikakaa kuzitazama zikikauka. Mtu pekee aliyeniita kwa jina langu, Lihanda, alikuwa Mutua.

Mvua ndefu zilipokatika, nyasi nyuma ya kahawa zikawa zimefika magotini, na jioni moja nikamsikia. Pwit, pwit-pwit. Nilisimama na toroli mkononi. Kwetu huyo ndege tunamwita isindu. Baba yangu alikuwa na vikapu vyake vidogo vilivyofumwa, kila kimoja na dume wake ndani, vimefungwa kwenye mti mrefu mbele ya boma, kimoja juu ya kingine. Alfajiri madume yale yaliita, kware wa porini wakashuka kuitikia, na chini kabisa walikuta vitanzi vya nywele za mkia wa ng'ombe. Nililelewa nikiamshwa na sauti hiyo. Sasa nilikuwa nimeisikia Ruiru, na nikaona aibu kwa sababu nilikuwa nalia kwenye toroli la mavi ya kuku.

Msidhani niliamua haraka. Nilikaa juma zima nikijibishana. Nilijua sheria, na nilijua sababu ya sheria. Nilijua pia kwamba Mutua ananipitisha kwa neno lake. Upande wa pili kulikuwa na ukimya wa kile chumba. Mwishowe nilisokota vitanzi kwa nyuzi za katani, nikavitega kwenye njia za nyasi, na siku ya tatu nikampata dume, mwenye koo jeusi na macho ya ukali. Nilimfumia kikapu, juu nikamwekea gunia laini badala ya fito, kwa sababu kware akishtuka huruka wima na kujipasua kichwa. Hilo mlishike. Kizimba cha waya mtupu juu ni kaburi la kware.

Kuna jambo lingine ambalo muuza vizimba hatawaambia. Dume huita akiwa peke yake. Ukimpa jike, anatulia, anakula, anapigapiga vumbi, na sauti ile huisikii tena ila mara moja moja. Nyasi zilijaa majike na vitanzi vyangu vilikuwa vizuri. Mara mbili nilimpata jike, na mara mbili nilimfungulia akaenda. Nilitaka yule dume aite. Nilimnyima mwenzake ili nisikie sauti ya kwetu, na nilipokuwa namsikiliza nilijua kabisa ninachofanya.

Jumapili moja Mutua akanitembelea, jambo ambalo hakuwa amefanya bado. Aliniletea chupa ya asali kutoka kwao. Tulikuwa hatujamaliza salamu ndege akaita chini ya koti langu, pale pembeni ya kitanda. Mutua akaweka chupa chini. Akainua koti, akafungua kikapu, akamshika kware jinsi anavyoshikwa, shingo katikati ya vidole viwili na mwili umelala kiganjani. Nikamweleza yote, baba yangu, vikapu, alfajiri. Aliniacha nimalize.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini chagua, Lihanda. Huyu ama kuku. Mimi sitakuchagulia."

"Nimesikia, Mzee."

"Kesho nitakuuliza kama kawaida. Chenye utajibu, hicho ndicho nitapelekea memsabu."

Akamrudisha kikapuni polepole, tukala asali na ugali, akaenda zake.

Jioni hiyo nilikibeba kikapu mpaka kwenye nyasi ili nimwachie. Nikafungua mlango, nikaufunga tena. Kulikuwa na kiwanda cha zamani cha kumenya kahawa karibu na mto, paa limeanguka nusu, na hakuna aliyekwenda huko. Nikamtundika chini ya kipande cha paa kilichobaki. Njiani kurudi nikajipa maneno: Mutua anauliza kuhusu nyumbani kwangu, na kiwanda si nyumbani kwangu. Nilikuwa mtu mzima na niliyaamini maneno hayo.

"Nyumbani kwako kuna ndege?"

"Hakuna."

Aliniangalia kidogo, akasogea pembeni. Nikakanyaga dawa nikapita.

Nilijibu hivyo Jumatatu sita. Kila jioni baada ya kazi nilishuka mtoni na punje za wimbi mfukoni, nikakaa naye mpaka giza lilipoanza kuingia. Wakati mwingine nilikuta maji yake yamejaa kuliko nilivyoacha, nikadhani ni mvua imevuja.

Kisha kuku wakaanza. Siku ya kwanza watatu walisimama pembeni na manyoya yamefumuka. Siku ya pili walikohoa, wakaharisha kijani. Siku ya tatu niliona shingo ya mmoja ikipinda mpaka kichwa kikatazama mgongo, na nikajua. Mutua naye alijua. Tulichimba shimo nyuma ya banda, tukafukia tuliowalea tangu alama za penseli. Alifanya kazi hiyo bila kuongea lugha yoyote.

Daktari wa mifugo alikuja na buti zake. Alisema hawezi kujua ugonjwa umeingia kwa njia gani, labda shomoro, labda magunia ya chakula, labda vizimba vya wanunuzi. Memsabu hakutaka labda. Alitupanga mstari mbele ya banda tupu.

"Mutua, wewe ndiyo mukubwa ya kuku. Kila wiki wewe nasema hakuna ndege kwa laini. Sasa hii ugonjwa natoka wapi?"

"Sijui, memsabu."

"Wewe naamini watu yako?"

"Ndiyo, memsabu."

Nilikuwa mtu wa pili kutoka kwake. Ningenyosha mkono ningeshika koti lake. Ningesema neno moja, ningefukuzwa mimi, na huenda yeye angebaki. Lakini mtu aliyefukuzwa wakati ule alinyang'anywa ruhusa ya kukaa, akapandishwa treni, na nyumbani walikuwa wananingoja niwe mtu. Niliogopa. Sina jina lingine la kuipamba hiyo hali. Memsabu akasema Mutua aondoke shambani kabla ya mwisho wa juma, na mimi nikaendelea kutazama vidole vya miguu yangu.

Nilimbebea sanduku lake mpaka stesheni ya Ruiru. Angeshuka Thika na kutoka hapo atembee kwenda kwao. Tulisimama na sanduku kati yetu mpaka treni ilipoonekana.

"Lihanda, una neno?" akaniuliza.

"Sina, Mzee. Safari njema."

Akapanda. Jioni hiyo nilikwenda mtoni. Ndege alikuwa mzima, analia vizuri, macho makali vile vile. Nikamfungulia, na safari hii nikaondoka na kikapu kitupu. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Badala yake nilifika chumbani nikakuta sina wa kumsikiliza wala wa kuniita jina, na upweke wangu wa kabla ya hapo nikaona ulikuwa mchezo. Memsabu alipoleta vifaranga wapya alinifanya mimi mnyapara. Nikapewa penseli, na kila Jumatatu nikasimama kando ya beseni kuwauliza wengine swali ambalo nilijua jibu lake la uongo linavyosikika.

Basi mnaoniuliza, haya ndiyo yangu. Kama hufugi kuku na hufanyi kazi kwa mwenye kuku, fuga kware. Ulizia kibali cha serikali kwanza. Wawekee gunia laini juu, mchanga mkavu wa kuoga, maji ya kina kifupi wasizame. Dume mmoja apewe majike wake, usimweke peke yake ati akuimbie. Kama unakula kwa kuku wa mtu mwingine, usifuge hata mmoja, na usitafute kiwanda cha zamani. Kama kware wangu ndiye aliyeleta kideri, sijui. Hakuna aliyejua, na siku ile ya mstari mimi ndiye niliyekuwa na kitu cha kuwaambia.

Miaka mitatu ilipita, hali ikalegea kidogo, nikapata ruhusa ya siku mbili. Nilinunua sukari na majani ya chai Thika, nikaulizauliza mpaka Matungulu. Nilimkuta Mutua anarekebisha uzio. Alinipokea kwa mikono miwili, mkewe akatupikia chai, akaniuliza habari za memsabu na za mashine mpya. Nikaona nikingoja sana nitarudi na siri yangu tena, nikamwambia yote hapo hapo, kiwanda, kikapu, Jumatatu sita.

"Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Hiyo Jumatatu ya kwanza. Ulikuwa na wimbi kwa mkunjo ya suruali. Jioni nilikufuata nyuma mpaka huko mtoni nikamwona. Ulikuwa unamwachia maji kidogo sana, nikawa namwongezea."

Nilimuuliza mbona hakusema, hata siku ile ya mstari, hata mbele ya memsabu.

"Wewe ulikuwa peke yako kabisa, Lihanda. Nikasema wacha akae na ndege yake kidogo, ataniambia mwenyewe. Nikangoja. Hata stesheni nilikuwa nangoja."

Tulimaliza chai. Kwetu, na kwao pia, mgeni hasimami akaondoka peke yake. Mwenye nyumba humsindikiza mpaka njia panda, au mpaka mtoni, na akimpenda sana huvuka naye. Nilisimama na kofia mkononi nikamngoja. Mutua alichukua nyundo yake, akarudi kwenye uzio, na bila ubaya wowote usoni akaniambia, "Njia unaijua."

Ni mwendo wa saa nyingi kutoka pale mpaka Thika. Niliutembea wote peke yangu.